Nyumba ya Tofali Niliyoiandika Udongo

Mlikuja nyumbani watatu, viongozi wa vijana wa usharika, mkakaa kwenye makochi yangu na kumaliza chupa nzima ya chai. Mkaniomba niwaandikie namna ya kueleza shida zenu mnapoomba chuo na ufadhili. Mmoja wenu akasema, "Mama Ndeshi, wewe umekaa na steshenari Kaloleni miaka yote hiyo, unajua wanachotaka." Nikacheka, maana hata mimi nilikuwa nikijisifu hivyo hivyo. Nilijua wanachotaka. Ndicho kilichoniponza, na mimi nina afadhali, maana aliyelipia ni mtoto wa mtu. Basi nitawaandikia, ila msitegemee mpangilio wa muhtasari wa kikao. Nitaandika kama ninavyoongea, na atakayechoka apumzike.

Duka langu lilikuwa chumba kimoja, mlango ukifunguka unagonga mashine ya fotokopi. Kompyuta mbili, printa moja iliyokuwa na kichwa kigumu kama mimi, na benchi la wateja. Wengi mnaonijua mlipiga picha za pasipoti pale. Nilikuwa na koti moja jeusi la marehemu mume wangu, limetundikwa kwenye msumari, kila kijana analivaa akipigwa picha ya kuombea chuo. Mwaka mmoja walimu wa shule fulani walibandika picha za wanafunzi waliofaulu, wote wamevaa koti la mume wangu. Nilisimama pale nikacheka mpaka mlinzi akaniuliza kama nina tatizo.

Nianze na mambo madogo, maana ndiyo yanayowaua wengi kabla hata shida zao hazijasomwa. Jina lako liwe moja kila mahali. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Elibariki na cha kidato cha nne kinasema Baraka, nenda kwa wakili ukaape mapema, usisubiri wiki ya mwisho. Cheti cha kifo cha mzazi kifuatilie sasa hivi, leo, kama hamna. Najua familia nyingi zikishazika zinaona kazi imekwisha, na cheti kinakumbukwa siku mtoto anapoomba chuo. Na tafadhali, namba ya simu unayojaza kwenye maombi iwe yako. Nilikuwa na binti mmoja aliyejaza namba ya mchumba. Wakaachana mwezi wa nane. Ujumbe wote wa chuo ukawa unaingia kwa yule kijana, na kijana kakasirika, hasemi. Nilimpigia mwenyewe nikimbembeleza dakika arobaini, nikajua hadi mambo ambayo mama wa watu hapaswi kuyajua, ndipo akatoa zile tarakimu sita za kuthibitisha nafasi ya chuo.

Kabla ya steshenari nilikuwa mpiga chapa kwenye ofisi iliyokuwa inashughulika na wakulima wa kahawa. Taipureta, karatasi za kaboni, vidole vyeusi mpaka Jumapili kanisani. Karani mkuu alikuwa Mzee Laiza, Mwarusha wa upande wa pili wa mlima, mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu. Wakulima wasiojua kuandika walikuwa wanakuja na malalamiko yao, yeye anasikiliza, anayaandika kwa mkono, mimi nachapa. Siku moja mzee fulani alisema kahawa yake ilipimwa na mtu aliyekuwa "ameshiba sana". Mimi nikaona hayo si maneno ya ofisi. Nikachapa kwamba mpimaji hakuwa makini. Mzee Laiza akaisoma barua, akaichana polepole, akanirudishia kaboni. Akasema, "Andika alivyosema. Akisomewa barua yake, ajisikie yeye." Nikachapa upya huku nimenuna. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilijiona ninajua Kiswahili kuliko wote.

Sasa nifike penyewe.

Miaka ile maombi ya chuo yalipoanza kufanywa kwa mtandao, alikuja kijana mmoja kutoka chini huko kwenye ukame, kaskazini ya mlima. Nyumba yao ya miti na udongo, hawana shamba, hawana mifugo, mama yake anauza ndizi barabarani. Chuo kimoja cha Dar kilikuwa kinatoa nafasi chache za kusomeshwa bure, ada, chakula na kulala, kwa waliofaulu wasio na uwezo. Walitaka barua ya kurasa mbili kueleza hali ya maisha. Tuliiandika pamoja, yeye anaongea mimi nachapa, na sote wawili tulilia. Akapata. Alirudi kunishukuru na kuku mzima.

Ile barua niliihifadhi kwenye kompyuta. Mwanzoni niliihifadhi kwa upendo tu. Halafu akaja mwingine, hajui aanzie wapi, foleni imefika nje, mtandao unakatika. Nikafungua ile barua nikabadilisha jina na kijiji. Naye akapata. Basi. Watu wakaanza kusema kwa Mama Ndeshi kuna barua yenye bahati. Nikawa ninawauliza wateja swali moja tu, "Baba yupo au hayupo?" Mengine yote yalikuwa tayari, udongo, ndizi, hakuna shamba. Maisha ya mtoto mmoja nikawagawia wenzake kama lile koti. Na sikuona aibu. Niliona ninasaidia, na kusema kweli wengi wao walikuwa na shida za kweli, ila tu hazikuwa zile.

Miaka sita iliyopita akaja Penina. Ni binti wa Kimeru kutoka Poli, juu huko, alikuwa amemaliza kidato cha sita na matokeo yake yalikuwa mazuri kuliko ya mtu yeyote niliyemhudumia mwaka ule. Alikuwa ameshapokelewa kusomea uuguzi kwenye chuo hicho hicho cha Dar. Dirisha la mkopo wa serikali lilikuwa limeshamfungia kwa sababu cheti cha kifo cha baba yake kilichelewa kutoka. Ilibaki hiyo nafasi ya ufadhili peke yake. Asipoipata, hakuna chuo. Alinieleza hivyo taratibu, ameshika bahasha kwa mikono miwili, na ndani ya bahasha kulikuwa na barua yake aliyoiandika mwenyewe kwenye karatasi za daftari, kurasa nne.

Niliisoma. Nawaambia ilivyokuwa, kwa sababu naikumbuka kuliko barua yoyote niliyochapa. Aliandika kwamba wana nyumba ya tofali yenye baraza, nzuri kuliko za majirani wengi, aliyoijenga baba yake akiwa fundi. Baba akaugua figo kabla hajaweka vioo, na madirisha mpaka leo yamezibwa kwa magunia. Aliandika wana kihamba, na nyie watoto wa mjini msiojua, kihamba ni shamba la ukoo, migomba na kahawa, na ndipo mnapozikwa. Hauzi. Hata ufe njaa hauzi, maana baba yako amelala pale, na baba zako wadogo hawatakubali. Kahawa yenyewe walikuwa wamemwachia mtu aichume misimu kadhaa, ndiye aliyetoa hela za hospitali. Kuna ng'ombe zizini, wa maziwa, lakini ni wa mwalimu mmoja wa Tengeru, mama yake anamtunza tu ili apate maziwa ya asubuhi. Mtu akipita barabarani, aliandika Penina, anaona tajiri.

Mimi nikavua miwani. Nikamwambia, "Mwanangu, ukipeleka hii umejimaliza."

"Kwa nini, mama?"

"Nyumba ya tofali, shamba la kahawa, ng'ombe wa maziwa. Anayesoma yuko Dar, ana barua mia tano mezani. Atafika hapo kwenye ng'ombe ataweka pembeni."

"Lakini nimeeleza ni ng'ombe wa mtu."

"Hatafika huko."

Nikafungua ile yangu. Nikaandika jina lake, nikaandika Poli, nikaandika baba ni marehemu. Nikamchapia. Akasoma akiwa amesimama, kidole kinafuata mistari, kikakoma kwenye mstari mmoja. "Hapa inasema hatuna shamba. Na nyumba ya udongo."

"Nani atapanda Poli kwenda kuhesabu migomba yenu?"

Mimi ni mtu mzima, nina umri wa mama yake, amenisalimia shikamoo, na amesikia barua yangu ina bahati. Alisaini. Zile kurasa nne akazirudisha kwenye bahasha.

Kumbe safari hiyo walikuwa wanapiga simu. Kamati ilichukua namba ya mwenyekiti wa kijiji kutoka kwenye fomu, ikampigia. Sasa yule mzee, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, hakuwa na ubaya wowote. Alimpenda Penina. Alidhani mtu akikupigia kutoka chuo kukuuliza habari za mtoto wa kijijini kwako, unamsifia. Huku kwetu nani anamwambia mgeni kwenye simu kwamba familia ya fulani ni masikini? Ni matusi hayo. Akawaambia ni familia ya heshima, wana kihamba kizuri, baba alijenga nyumba ya tofali, wana ng'ombe wa gredi, mtoto amelelewa vizuri. Alikata simu akaenda kumwambia mama yake Penina ajiandae kupokea habari njema.

Jibu lilikuja kwenye simu ya Penina. Walisema ametoa maelezo ya uongo, jina lake limeondolewa, na ana siku kumi na nne za kukata rufaa.

Alikuja siku ya tatu. Nilijiandaa kutukanwa, na laiti angenitukana. Alinisalimia, akakaa kwenye benchi akasubiri nimalize wateja wawili. Halafu akanionyesha simu. Akasema, "Mama, sikuombi kingine. Andika tu mistari miwili, kwamba barua niliyoleta mimi ni hii, na ile uliibadilisha wewe. Uweke na muhuri wa duka. Nitaambatanisha na zile kurasa zangu nne."

Mistari miwili. Ningeichapa kabla maji ya chai hayajachemka.

Sikuichapa. Nitawaambia kwa nini, na msinitafutie sababu nzuri kuliko hii. Msimu ule ule nilikuwa nimepeleka barua nyingine kumi na moja kwenye chuo kile kile, zote udongo, zote ndizi. Nikiandika kwamba barua ya Penina ilikuwa yangu, watazitafuta zote zenye maneno yale. Nilijiambia ninawalinda watoto kumi na mmoja. Hiyo nilimwambia hata Mungu kwenye sala. Lakini niliyekuwa ninamlinda ni mimi. Niliogopa duka, niliogopa leseni, niliogopa kuitwa tapeli Kaloleni ambako kila mtu ananiita mama. Nikamwambia Penina, "Leo umeme unasumbua. Njoo Jumatatu."

Jumatatu sikufungua. Nilipanda basi asubuhi nikaenda kwetu Marangu, nikazima simu, nikawaambia majirani nina msiba. Hapakuwa na msiba. Nilikaa siku tano nikipalilia migomba ambayo haikuwa na magugu. Mama Rehema, fundi cherehani wa mlango wa pili, aliniambia baadaye kwamba yule binti alikaa kwenye ngazi yangu Jumatatu mpaka saa kumi, na Jumanne tena, na kwamba Jumanne alimwachia yeye pole ya msiba aniletee. Nilipokea pole ya msiba niliouzua mwenyewe.

Alikata rufaa peke yake, na zile kurasa nne. Wakamjibu kwamba mwombaji ameleta maelezo mawili yanayopingana na hakuna uthibitisho. Hakurudi dukani kwangu tena, wala chuo hakuenda.

Sasa mtauliza, mama, utupe ushauri. Haya. Andikeni kilichopo. Kama mna nyumba nzuri, iandike kwanza, kabla hawajaisikia kwa mwenyekiti, halafu sema nani alijenga, lini alikoma kujenga, na kwa nini. Kama mna ardhi isiyouzika, eleza kwa nini haiuziki, mtu wa Dar naye ana kwao. Usiandike "maisha magumu", hayo kila mtu ameandika. Andika ulirudishwa nyumbani kufuata ada mara ngapi, kidato gani, ulikaa wiki ngapi, na mwalimu gani analijua hilo. Mwambie mwenyekiti wako mapema kwamba atapigiwa simu, na umweleze bila kuona haya kwamba safari hii asikusifie, aseme hali ilivyo. Na mtu akikuandikia barua ukasoma ukaona pale si kwenu, usisaini, hata kama anayekuandikia ana mvi na umemwamkia. Hasa huyo.

Duka nililifunga mwaka jana, macho yamechoka. Nilipokuwa napanga vitu nikajua nitakufa na ile mistari miwili tumboni. Nikaichapa. Ilichukua dakika mbili. Nikaweka muhuri, nikaanza kuulizia, nikaambiwa Penina yuko Kikwe, analima nyanya za watu kwa kibarua, ana mtoto mdogo.

Nilimkuta shambani. Amekomaa, mikono imekuwa ya jembe. Alinisalimia, shikamoo mama, vile vile. Nikampa karatasi. Aliisoma yote, akaikunja, na sura yake haikubadilika. Nilikuwa nimejiandaa kupiga magoti. Akasema, "Mimi haitanisaidia kitu tena. Mpelekee mama."

Sikuelewa. Ndipo akanieleza jambo ambalo miaka yote ile sikuwahi kuliwaza. Mwenyekiti alipopata habari kwamba mtoto amekosa, alitaka kujua amekosea nini, akapiga simu Dar, wakamsomea ile barua. Ikafika kwenye ukoo. Baba zake wadogo wakamwita Penina kikaoni, wakamuuliza ni nani aliyeandika kwamba hawana kihamba, kwamba nyumba ya ndugu yao ni ya udongo. Aliposema ni mama mmoja wa steshenari, wakamwambia amlete huyo mama, au alete maandishi yake. Hakuwa nayo. Wakasema amemkana baba yake na kaburi lake kwa ajili ya kusoma bure. Mama yake alilia, akasema maneno, na tangu siku hiyo Penina hajalala nyumbani kwao. Mjukuu yule hajawahi kupelekwa Poli.

Nilipanda Poli kesho yake. Ile nyumba ipo, tofali nyekundu, baraza, magunia kwenye madirisha, kama alivyoandika kwenye kurasa nne. Mama yake alikuwa anamkatia ng'ombe majani. Macho yake nayo hayaoni vizuri, kwa hiyo ilibidi nimsomee mwenyewe, kwa sauti, kwamba mimi ndiye niliyebadilisha barua, na kwamba binti aliandika kweli yote. Nilisoma mara mbili kwa sababu aliniambia nirudie.

Panga lilikuwa bado mkononi mwake. Halafu akaniuliza, "Wewe ni Mchaga?"

"Ndiyo, mama. Wa Marangu."

"Mna kihamba?"

"Tunacho."

"Baba yako mlimzika wapi?"

"Kihambani."

Akageuka akatazama upande wa migomba, ambako kuna msalaba wa saruji.

"Kwa hiyo ulijua," akasema.

Nikamwambia ndiyo, nilijua.